Kikohozi cha Mbwa wa Shamba



Mwezi uliopita kondakta wa basi aliniletea bahasha kutoka kwa kijana wa miaka 14 aishiye upande wa Muheza. Ameandika kurasa mbili kwa hati safi, na kwa kuwa jambo aulizalo limo katika nyumba nyingi za mashambani, naona yafaa nimjibu mbele ya wasomaji wote.

Kwao wana mbwa mmoja dume, alindaye mihogo na zizi la mbuzi, maana nguruwe na nyani wa huko hawana haya. Mbwa huyo yu katika siku ya nane akikohoa. Hukohoa zaidi usiku, kikohozi kikavu cha kukwaruza, shingo ameinyoosha mbele, na mwisho wake hujikaza kama atakaye kutapika, akatoa povu jeupe kidogo. Bibi yake kijana amesema ni mfupa umekwama. Mdogo wake wa miaka 9 amekwisha kumtia mbwa mkono kinywani mara mbili kuutafuta mfupa huo, mara ya pili akarudi na mkwaruzo wa jino katika kidole. Baba yao amesema mbwa ni najisi, wala hajapata kusikia Mwislamu aliyetoa fedha kumtibu mbwa, basi aachiwe Mwenyezi Mungu. Kijana auliza mawili: je, yajuzu kumtibu? Na kikohozi hiki ni cha nini?

Nilipofika kwenye habari ya mdogo wake na kidole chake niliiweka barua chini. Jarida letu hutoka mara moja kwa mwezi, na jambo lile halikuwa la kungoja mwezi. Chini ya barua palikuwa na nambari ya simu ya baba. Nikampigia kabla ya adhuhuri. Nilimwomba mambo mawili tu. La kwanza, mtoto apelekwe hospitali siku ile ile. La pili, mbwa afungwe mahali pa peke yake, apewe chakula na maji, asiuawe wala asifukuzwe, na aitwe daktari wa mifugo.

Yule bwana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, mbwa hakumuuma mtu. Alikuwa akisaidiwa."

Hapa ndipo ninapotaka kila mzazi asome polepole. Watu wengi hudhani mbwa mwenye kichaa hana budi awe mkali, akimbie njiani na kumuma kila ampataye. Yupo wa namna hiyo. Lakini yupo wa namna ya pili, na huyo ni wa hatari zaidi kwa watu wa nyumbani kwa kuwa huhurumiwa. Hujitenga kimya, taya lake la chini hulegea, mate humchuruzika, sauti yake ya kubweka hubadilika, na akitaka kumeza hawezi kwa sababu misuli ya koo imeanza kupooza. Hutoa sauti kama ya kupaliwa. Kila amwonaye husema "mfupa", na mwenye huruma kuliko wote, aghalabu mtoto, ndiye atiaye mkono. Virusi vya kichaa vimo katika mate, tena huweza kuwamo siku kadhaa kabla dalili hazijatokea. Huingia kwa jeraha la jino, na huingia vile vile kwa mkwaruzo mdogo, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo.

Sikusema kwamba mbwa wa Muheza ana kichaa. Kwa maelezo ya barua anakula, anakunywa, anabweka kwa sauti yake ya siku zote, na dalili hizo si za kichaa. Lakini mimi ni mwalimu wa chuo, si daktari, wala simu haina macho. Na ugonjwa huu hausamehi kosa: dalili zikisha kumtokea mwanadamu, karibu hakuna aliyepona. Yakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka duniani, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Kabla ya dalili, kinga yake ni jambo lililo mikononi mwa kila mtu: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni muda wa dakika 15 kamili, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Mtoto wa kwanza mashuhuri aliyeokolewa kwa njia ya chanjo hii ni Joseph Meister, aliyechanjwa na Louis Pasteur mjini Paris mwaka 1885 baada ya kuumwa na mbwa. Naye alikuwa na miaka 9, umri ule ule wa mdogo wake msomaji wetu.

Kwa mbwa wenyewe dawa ni chanjo ya mapema, kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kama daktari aagizavyo. Asidhani mtu kwamba chanjo ya mbwa ni anasa ya Wazungu. Pemba, kisiwa cha Waislamu na chenye mbwa wachache, kichaa kilirudi mwaka 2016, na kufikia mwaka 2018 kilikuwa kimeondolewa tena, na silaha yake kubwa ilikuwa kuwachanja mbwa.

Ama swali la kujuzu halihitaji maneno mengi. Mbwa wa kulinda mifugo na mazao ameruhusiwa katika hadithi zilizo wazi, na mwenye kumiliki mnyama yampasa kumlisha na kumnywesha. Asiyeweza amwachie anayeweza, asimwache akaangamia mkononi mwake. Mate yake katika madhehebu yetu ya Shafi ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Imam Malik ana kauli nyingine, na si mahali pake hapa. Lakini najisi ni jambo la kuosha. Haikuja ili mnyama akose haki yake. Sote tumesomeshwa habari ya mtu yule aliyeshuka kisimani, akakijaza kiatu chake maji, akakibana kwa meno akapanda nacho, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mtu yule hakuuliza kwanza mbwa ni wa nani.

Na kuhusu kumwachia Mungu, nisamehewe na baba wa kijana nikisema ukweli. Mbuzi wake akikohoa, humwita bwana mifugo kabla jua halijazama, kwa kuwa mbuzi ana bei sokoni. Mbwa alindaye mbuzi wote hana bei, basi ndiye aachiwaye Mungu.

Mimi mwenyewe sina la kujivunia katika mlango huu. Nilikuwa na mbwa katika shamba langu la minazi, tukimwita Jasiri, wa umri wa miaka minane au tisa hivi. Wakati wa kaskazi moja alianza kukohoa. Nikasema ni vumbi. Mke wangu akamchemshia tangawizi, akamtilia asali, akanywa, nasi tukafurahi kwa sababu usiku ule hakukohoa. Baada ya siku tatu kikarudi. Nikampa masalio ya dawa ya kikohozi ya wajukuu, kijiko kizima, bila ya kumwuliza mtu yeyote. Ikapita wiki tatu, ikapita ya nne. Nyani wakishuka, yeye alinyanyuka, akakimbia hatua ishirini, kisha husimama akikohoa na nyani wakimtazama. Nilipoona tumbo lake limekuwa kubwa nilisema, "Alhamdulillah, anaanza kunenepa."

Daktari wa mifugo alipokuja hatimaye, alimgusa tumbo kwa upande huu akasikiliza kwa upande wa pili, akaniambia, "Maalim, huku si kunenepa. Haya ni maji." Alichukua tone la damu, na chini ya hadubini akanionyesha vijinyoo vidogo vikipindapinda baina ya chembe za damu. Wazazi wao walikuwa ndani ya moyo na katika mishipa iendayo mapafuni. Jasiri alikufa siku ya tisa baada ya hapo. Daktari hakunilaumu, lakini aliniuliza kikohozi kilianza lini, na mimi nilipomjibu aliandika katika daftari lake bila ya kusema neno.

Basi tuje kwenye kikohozi chenyewe. Kukohoa ni kazi ya mwili kusukuma nje kitu kilichoingia au kilichojaa katika njia ya pumzi, iwe vumbi, kamasi, maji au chembe ya chakula. Mbwa akikohoa mara moja mbili baada ya kunywa maji kwa pupa, au akivuta kamba shingoni, hapana la kuogopa. Kikohozi kinachorudi kila siku kina sababu, na sababu hizo hazifanani hata kidogo, ndiyo maana dawa ya mbwa wa jirani huenda isimfae wako.

Kilicho kingi zaidi, na ambacho nadhani ndicho cha mbwa wa Muheza, ni kikohozi cha kuambukizana mbwa kwa mbwa. Kijana ametaja katika barua, kama jambo lisilo na maana, kwamba wiki moja kabla ya hapo mjomba wake alikuja kutoka mjini na mbwa jike aliyelala kwao siku mbili. Jambo hilo lina maana kubwa. Kikohozi hiki huletwa na bakteria au virusi vya namna kadhaa, mara nyingi kwa pamoja, na huonekana siku chache hadi wiki mbili baada ya mbwa kukutana na mgonjwa. Mmoja wa bakteria hao ni ndugu wa yule aletaye kifaduro kwa watoto wetu, na aliyepata kusikia kifaduro usiku hatashangaa kusikia kwa nini mbwa hunyoosha shingo na kumalizia kwa kutoa povu. Sauti yake ndiyo iwadanganyayo watu wakasema mfupa. Mbwa mzima mwenye nguvu hupona kwa wiki moja hadi tatu, aghalabu bila ya dawa kali, maadamu apumzike. Lakini kwa mtoto wa mbwa, au mbwa mzee, au aliyedhoofu, kikohozi hicho hushuka mapafuni kikawa nimonia. Na mgonjwa atengwe na mbwa wengine, hata baada ya kuonekana amepona, kwa muda daktari atakaoagiza. Mwanadamu mzima hawi katika hatari, ila mwenye maradhi yaliyopunguza kinga ya mwili afadhali asiwe ndiye mhudumu wake.

Kikohozi cha pili chaja pamoja na mambo mengine: homa, macho yenye tongo zito, pua yenye usaha, kukataa chakula, kutapika na kuharisha, na baada ya wiki kadhaa, taya kutetemeka lenyewe au kifafa. Huu ni ugonjwa uitwao distempa. Virusi vyake ni vya ukoo mmoja na virusi vya surua, na vya sotoka iliyowamaliza ng'ombe wa babu zetu, mpaka ilipotangazwa mwaka 2011 kuwa imetoweka duniani. Distempa haiwadhuru watu, lakini huwaua watoto wa mbwa wengi sana, na aponaye huenda akabaki na kilema cha mishipa ya fahamu. Mwaka 1994 ugonjwa huu uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba wa mbuga ile. Wataalamu waliutafuta ulikotoka wakaelekeza kidole kwa mbwa wa vijijini waliozunguka mbuga, wasiochanjwa. Mtu aweza kucheka akisikia kwamba kikohozi cha mbwa wa maskini kimemwangusha simba, lakini ndivyo ilivyokuwa. Chanjo ya distempa ipo. Huanza mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita.

Cha tatu ni kile kilichomwua Jasiri wangu, nacho ni cha watu wa pwani kukifikiria zaidi kwa sababu hubebwa na mbu. Mbu amnyonyaye mbwa mgonjwa huchukua vijinyoo, na baada ya siku kadhaa akimuma mbwa mwingine humwachia. Hukua ndani ya mwili kwa muda wa miezi sita hivi. Mnyoo jike mzima huweza kufika urefu wa sentimita 30, naye huishi miaka mitano na zaidi. Katika muda huo wote wa mwanzo mbwa huonekana mzima kabisa. Dalili ya kwanza huwa ni kikohozi, halafu kuchoka upesi, halafu kukonda mgongoni huku tumbo likijaa maji. Kinga yake ni dawa itolewayo kila mwezi kwa kipimo cha uzito wa mbwa. Na hapa nataka kuonya. Ipo tabia mashambani ya kuchukua dawa ya minyoo ya ng'ombe, ile ya sindano iitwayo ivermectin, na kumdunga mbwa kwa makadirio ya macho. Dawa hiyo imetengenezwa nzito kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Kosa dogo la kipimo ni sumu kwa mbwa, na wako mbwa wa kabila fulani ambao hawaivumilii hata kwa kiasi ambacho wenzao hukivumilia. Tena mbwa ambaye damu yake tayari imejaa vijinyoo akipewa dawa ovyo, vijinyoo hufa kwa pamoja na mbwa huweza kuzimia. Damu ipimwe kwanza.

Kisha kuna kikohozi cha moyo wenyewe kuchoka, bila ya mnyoo wowote, nacho huwapata mbwa wazee, hasa wale wadogo wa kimo wafugwao mijini. Hao huzidi kukohoa wakilala chali au ubavu, na usiku huamka wakakaa kitako ili wapate pumzi. Mbwa wadogo hao wana na ugonjwa mwingine wa bomba la pumzi kulegea na kubonyea, ambao sauti yake ni kama ya bata bukini. Na kwa mbwa wetu warandao majalalani na mazizini uko mnyoo mwingine, waupatao kwa kula wale wadudu waviringishao mavi ya ng'ombe. Huo hufanya uvimbe katika njia ya chakula, na mbwa hucheua, hutokwa na mate na kukohoa. Mfupa nao huweza kukwama kweli, sikatai. Lakini mwenye mfupa huanza ghafla akiwa anakula, hujikuna mdomo kwa miguu ya mbele na hufadhaika saa ile ile. Hakohoi siku nane huku akimaliza sahani yake.

Nimechelewa kusema jambo ambalo kijana aweza kulifanya leo usiku bila ya senti. Baada ya sala ya Isha, mbwa akisha kulala usingizi wa kweli, asimame mbali naye na saa mkononi, ahesabu pumzi zake kwa dakika moja. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Mbwa alalaye salama huvuta pumzi chini ya 30 kwa dakika. Akizidi 30 usiku baada ya usiku, na haoti wala hakuna joto kali, kuna kitu mapafuni au moyoni, na daktari aonane naye kesho yake. Akizidi 40 akiwa amelala tuli, asingoje kesho. Lau ningalijua kuhesabu namna hii wakati wa Jasiri, nisingalisema vumbi kwa mwezi mzima.

Zipo dalili nyingine zisizongoja. Ufizi wa mbwa mzima una rangi ya waridi. Akiukenua mdomo mwenyewe ukaona ufizi au ulimi wa buluu, wa kijivu au mweupe kama karatasi, huyo anakosa hewa au damu. Vivyo hivyo akihema kwa kinywa wazi na shingo kunyooka hali hakukimbia, akianguka, akitoa damu katika kikohozi, au akishindwa kumeza na kudondoka mate. Huyu wa mwisho asiguswe kabisa mpaka daktari afike. Mtoto wa mbwa akikohoa pia usimhesabie siku, mpeleke. Mbwa mzima anayekohoa lakini anakula na macho yake ni maangavu, aweza kutazamwa nyumbani siku saba hadi kumi. Akidumu zaidi ya hapo, au siku yoyote katikati akiacha kula, akipata homa au kamasi nzito, muda wa kutazama umekwisha.

Katika siku hizo za kutazama, fanyeni haya. Ondoeni kamba ya shingoni, maana hulibana bomba la pumzi, mkamfunge kwa kamba ipitayo kifuani. Asilale karibu na jiko la kuni wala penye moshi wa dawa ya mbu. Asikimbizwe. Maji safi yasimkaukie. Asali kidogo haimdhuru mbwa mzima, wala sitamkataza mama yeyote. Ila ajue kwamba inatuliza koo tu, haifiki moyoni wala mapafuni, na utulivu wake ndio ulionipotezea mimi wiki nne. Dawa za watu ndizo ninazozikataza. Baadhi ya dawa za maji za kikohozi zimetiwa sukari ya bandia iitwayo zailitoli, ambayo kwa mbwa huishusha sukari ya damu ghafla na kuharibu ini. Vidonge vya maumivu kama ibuprofen humtoboa tumbo na kumharibu figo, na paracetamol humdhuru ini. Paka ndiye zaidi, kidonge kimoja humwua. Hata dawa ya kuzuia kukohoa peke yake yaweza kuwa adui, kwa sababu mapafu yenye usaha yanahitaji kukohoa ili yajisafishe. Wala msinunue dawa za kuua bakteria dukani kwa kubahatisha. Virusi, minyoo na moyo mchovu havishughuliki nazo.

Mtakapokwenda kwa daktari, msiende na neno moja tu, "anakohoa". Aghalabu mbwa akifika mahali pageni hunyamaza, asikohoe hata mara moja, mkaonekana waongo. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu ya kupiga picha. Mchukueni picha na sauti yake usiku anapokohoa, na daktari ataisikia mwenyewe. Andikeni katika karatasi siku kilipoanza, kama ni kikavu au cha makohozi, kama huzidi usiku au baada ya kukimbia, hesabu ya pumzi, chanjo alizopata, mbwa aliokutana nao, na kila dawa mliyompa, hata ile mnayoionea haya. Mimi nilimficha daktari kile kijiko cha dawa ya wajukuu mpaka aliponiuliza mara ya tatu. Asiyejua pa kumpata daktari aulize katika ofisi ya mifugo ya wilaya yake. Bwana mifugo wa kata aweza kuchanja na kutoa dawa ya minyoo, lakini kikohozi kilichopita siku kumi kinahitaji mtu wa kusikiliza moyo na kupima damu, basi mwombeni awaelekeze kwake.

Na kwa wale wanaochelea mate: vaeni mfuko wa nailoni mikononi mnapomwekea chakula, chombo chake kiwe cha peke yake, nguo ikiguswa ioshwe kama mlivyosomeshwa. Hayo hayamzuii mtu kumfunga kamba mbwa wake na kumpakia nyuma ya pikipiki, ndani ya kapu.

Nimalizie habari za Muheza, maana najua wasomaji wanazingoja. Baba yao alimpeleka mtoto hospitali jioni ile ile. Akaoshwa kidole upya na akaanzishwa sindano. Mbwa alifungwa chini ya mwembe. Siku ya tatu daktari alifika, akamsikiliza kifua, akatazama damu yake, hakuona vijinyoo. Alisema ni kikohozi cha kuambukizana, akamwachia dawa na akaagiza atazamwe mpaka zitimie siku kumi tangu alipomkwaruza mtoto, na akitimiza siku hizo akiwa hai na mwenye kula, chanjo ya kichaa apigwe pale pale, maana hakupata kuchanjwa tangu azaliwe.

Juzi kijana ameniandikia tena. Siku kumi zimetimia na mbwa yu hai. Anakohoa bado alfajiri, mara tatu au nne, kisha hunyamaza. Usiku wa jana yake alihesabu pumzi zake akapata 22. Aliyeshika saa, asema, alikuwa baba.